Kaburi Lililochimbwa Matavale

Afemata alichimba kaburi la dada yake kwa mikono yake mwenyewe, na kila aliyejitolea kumsaidia alirudi kwao na matusi. Vijana wa kijiji walikuja asubuhi na mitaimbo yao begani, kama ilivyo desturi, wakaambiwa waende wakachimbe makwao kama wana hamu. Ardhi ya Matavale, kisiwani kwetu, ni jiwe jeusi lililomwagwa na mlima wa volkano enzi za kale. Ukipiga mtaimbo unapata cheche kwanza, udongo baadaye. Mzee wa miaka sabini, kifua wazi, alipiga mtaimbo tangu kulipokucha hadi jua likawa la kuchoma, pale mbele ya nyumba, kando ya kaburi la mama yao.

"Baba, utajiua," alisema Fuatino, binti yake, akimpa kikombe cha kakao.

"Moeaga ni dada yangu. Unataka nani amchimbie? Seumalo?"

Seumalo alikuwa msemaji mwenzake katika baraza la wazee, na kwa miaka mingi wawili hao walikuwa wakigombania nani asimame kwanza kuhutubia. Kwetu kaka ni mtumishi wa dada yake mpaka kifo kiwatenganishe, na hata hapo lipo la mwisho la kumfanyia. Moeaga alikuwa ameishi Auckland karibu maisha yake yote. Kaka yake alimwandalia chumba mara tatu, na mara tatu hakuja. Safari hii alikuwa anakuja.

Habari ziliingia kwa redio Jumanne jioni, sala ya nyumbani ikiwa ndiyo kwanza imekwisha. Wote watatu, Afemata, mkewe Ianeta na Fuatino, walikuwa bado wameketi mkekani. Sauti ya Tausaga, mtangazaji, ilisoma polepole: Moeaga, mjane wa Tavita, ameaga dunia huko Auckland. Mwili utafika Ijumaa asubuhi. Atazikwa siku hiyo hiyo Matavale, kwa kaka yake Afemata. Na salamu ziende Saleulu, kwa familia ya marehemu mumewe.

Mzee alilia kama mtoto. Kisha alifuta uso kwa shuka aliyojifunga kiunoni, akasema, "Mmesikia? Kwa kaka yake." Usiku huo huo alikwenda barazani akawatangazia wazee wenzake kwa hotuba ndefu, iliyojaa majina ya mababu, kwamba dada yake ameikataa ardhi ya mumewe na kuchagua ya baba yake. Hilo la kukataa alilitia chumvi mwenyewe. Ianeta alifungua sanduku akatoa mikeka myembamba aliyoisuka kwa miaka, ile ya kutolewa siku kubwa tu, na nguruwe mkubwa kuliko wote akafungwa kamba.

Na kulikuwa na jambo jingine lililomvimbisha kifua. Tangazo lile lilikuwa limepita mikononi mwa binti yake.

Fuatino alikuwa fundi wa kompyuta wa redio ya wilaya. Watoto wetu wametapakaa Auckland na Brisbane, na wakifiwa wanaandika barua pepe. Barua pepe ya leo haiji tupu. Ndani ya bahasha moja mna barua ya maneno tu, mna nakala yake iliyopambwa kwa rangi na herufi nene, mna picha ya marehemu, mna majibizano yote ya nyuma, na mkiani mna tangazo la biashara. Tausaga alikuwa akisoma kila kilichotoka kwenye mashine ya kuchapa, maana alifundishwa kuheshimu maandishi. Siku moja aliwajulisha wafiwa, kwa sauti ile ile ya msiba, kwamba viatu vyote vimepunguzwa bei kwa nusu hadi Jumapili. Watu walicheka mpaka ndani ya kanisa.

Basi Fuatino akatafuta dawa. Hakuanza na mikono mitupu. Mafundi wa kompyuta wana kitu wanachokiita maktaba: furushi la programu lililoandikwa na watu wengine, likaachwa wazi kila mtu aazime. Aliazima moja inayojua kufungua bahasha hizo na kutenga vipande vyake, kisha akaongeza sheria zake. Ikiwepo barua ya maneno tu, ichukuliwe hiyo. Isipokuwepo, ichukuliwe iliyopambwa, ivuliwe mapambo yote, yabaki maneno. Picha kando, mkia ukatwe. Tangu hapo Tausaga alipewa karatasi safi, herufi kubwa, na viatu havikusikika tena.

Afemata hakuelewa hata nusu yake, lakini aliisimulia kila alikokwenda. "Binti yangu anazivua barua nguo," alikuwa akisema, na watu wakicheka alizidi kuvimba.

*

Jumatano hiyo hiyo mchana, Fuatino akiwa kazini, simu ilipigwa kutoka Auckland. Alikuwa Litara, binti wa marehemu.

"Dada, asanteni kwa tangazo. Mjomba amelipokeaje? Amekasirika sana?"

"Akasirike kwa nini? Yuko shimoni tangu alfajiri. Hataki hata kupumzika."

"Shimo gani?"

"Kaburi la shangazi. Si mmesema azikwe kwetu?"

"Mungu wangu! Fuatino, sisi tumesema Saleulu! Kwa Baba! Ile Matavale tuliikata!"

"Mliikata vipi?"

"Niliipigia mstari juu yake. Mwanzo niliandika Matavale, kaka zangu wakakataa, wakasema Mama alale na Baba. Nikakata, nikaandika Saleulu pembeni ili ndugu wote waone kilichobadilika. Barua ilizunguka kwetu wote, mwisho mmoja akaituma redioni. Huuoni mstari?"

Fuatino aliitazama karatasi iliyosomwa na Tausaga. Ilikuwa na maneno, safi kabisa, bila mstari wowote.

"Na kwa nini hakuna hata mmoja wenu aliyempigia Baba simu?"

"Nani ampigie? Wewe ungempigia? Umwambie mjomba kwamba dada yake haji kwake?" Litara alikuwa analia sasa. "Tulisema redio itamwambia."

Alipokata simu, Fuatino aliifungua barua yenyewe kama ilivyoingia. Ilikuja na sehemu moja tu, ile iliyopambwa, kama zinavyofanya simu nyingi za siku hizi. Mstari ulikuwepo, mwembamba, umepita katikati ya maneno "Matavale, kwa kaka yake Afemata". Ndani ya barua mstari huo ni alama mbili ndogo tu, moja kabla ya maneno na nyingine baada yake, zinakaa mahali pale pale zinapokaa alama za rangi na herufi nene. Yeye alikuwa ameiambia programu ivue mapambo yote. Ilimtii. Maneno yaliyokufa yalisimama tena, yakawa sawa na yaliyo hai.

Aligeuka akamkuta Tausaga mlangoni, na nyuma yake Enosa, meneja. Walikuwa wamesikia ya kutosha.

"Ni mimi," alisema Tausaga. Alikuwa mama mnene, mjane, sauti yake inajulikana kuliko ya mchungaji. "Niliona Saleulu imening'inia peke yake mwishoni. Matangazo yote yanaishia na salamu za vijiji. Nikasema hawa watoto wamezaliwa ugenini, wamesahau kuandika salamu. Nikawaongezea."

"Basi imekwisha," alisema Enosa. "Jioni tutatangaza kwamba mtangazaji alisoma vibaya. Mama Tausaga, nawe upumzike sasa. Umetumikia vya kutosha."

"Nipumzike mpaka lini?"

"Upumzike tu, mama. Macho yako kila mtu anayajua." Kisha akamgeukia Fuatino na kushusha sauti, ingawa chumba kilikuwa kidogo na kila mtu alimsikia. "Wiki ijayo wale wa redio ya visiwa vya Tonga wanakuja kuiona programu yako. Wakiipenda, wataichukua na wengine watafuata. Sitaki wasikie kwamba inazika watu pasipo pao. Umenielewa?"

Tausaga aliitikia kwa kichwa, kama mtoto anayekubali adhabu darasani. "Sawa tu. Kweli yamechoka haya macho."

Fuatino alichukua mkoba wake akasema anakwenda kumwambia baba yake kabla hajasikia kwa mtu. Na hilo lilikuwa kweli, ila haikuwa sababu pekee ya kukimbia chumba kile.

*

Alimkuta mzee amezama mpaka kifuani. Seumalo alikuwa amekaa juu ya ukuta wa mawe, miguu inaning'inia, anatoa ushauri usioombwa.

"Upande wa baharini umepinda, Afemata. Dada yako atalala kama yuko kwenye mtumbwi."

"Ukifa wewe nitakuchimbia la kusimama."

"Baba, toka huko," alisema Fuatino. "Nina neno. Twende ndani."

"Sema hapa hapa. Hakuna mtu. Huyu ni Seumalo tu."

Akasema. Hakuzunguka. Alisema shangazi atazikwa Saleulu, kwamba watoto wake ndio walioamua, na kwamba tangazo lilikuwa na kosa. Ianeta, aliyekuwa akianika mikeka, aliketi chini palepale. Seumalo alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake marefu neno halikutoka. Kisha likatoka.

"Kwa hiyo hili shimo ni la nani?"

Afemata aliuegemeza mtaimbo ukutani mwa kaburi, taratibu, akapanda juu kwa shida, akakaa ukingoni. Mikono yake ilikuwa imepasuka. Fuatino alitaka kuishika, akaona aibu.

"Kosa la nani?" aliuliza mzee.

"Enosa anasema ni la Mama Tausaga. Jioni watamtangaza."

"Sikukuuliza Enosa anasema nini."

"Ni langu, Baba." Akamweleza. Alimweleza mstari, na alama, na jinsi alivyoiambia programu ivue kila pambo bila kufikiri kwamba mtu anaweza kuandika neno halafu akalikataa na kuliacha hapo hapo lionekane. Mzee aliuliza maswali, moja baada ya jingine, kama anavyowauliza watu barazani. Mstari unakaa wapi? Mashine inauona au haiuoni? Kama inauona, nani aliyeiambia kwamba hauna maana? Na alipofika hapo maswali yaliisha, maana sasa alikuwa ameelewa kazi ya binti yake kuliko siku zote alizokuwa akiisifu.

"Na Tausaga alipobebeshwa mzigo, wewe ulisema nini?"

"Sikusema kitu."

Jambo hilo lilimuuma kuliko shimo. Fuatino aliona wazi. Uso wa baba yake ulisinyaa.

"Mume wa Tausaga alikufa baharini," alisema Afemata. "Amelea watoto watano kwa sauti ile. Inuka. Rudi redioni. Tangazo la jioni halijasomwa."

"Baba, nikisema kweli, wilaya nzima itajua umechimba bure. Baada ya ile hotuba."

"Watajua tu. Humwoni Seumalo hapo?"

Seumalo alishuka ukutani, akajikung'uta, akaondoka kwa mwendo wa mtu mwenye mzigo mtamu wa kupeleka mahali.

*

Enosa alisimama mlangoni mwa studio akasema hapana. Fuatino alimwambia kwamba kama hataki, programu ataiondoa usiku huo huo, naye arudi kutangaza viatu. Hakujua kama angeweza kweli kufanya hivyo, maana mshahara ni mshahara. Lakini alisema bila sauti kutetemeka, na Enosa akampisha.

Matavale nyumba zetu nyingi ni za nguzo na mapazia, hazina kuta, na saa ya matangazo kila mtu anasikiliza redio ile ile. Ukitembea barabarani wakati huo hukosi hata neno moja. Nyumba moja inakukabidhi kwa nyingine. Fuatino alilijua hilo alipoisogelea maikrofoni. Tausaga alikaa pembeni yake, mikono mapajani.

"Jina langu ni Fuatino, binti wa Afemata wa Matavale," alisema. "Jana redio hii ilitangaza kwamba Moeaga atazikwa Matavale. Atazikwa Saleulu, kwa familia ya mumewe, kama watoto wake walivyoandika. Walilikata jina la Matavale kwa mstari, na programu niliyoitengeneza mimi ikaufuta ule mstari. Mama Tausaga alisoma alichopewa. Kosa ni langu, na tangu leo barua yoyote yenye neno lililokatwa haitasomwa mpaka mwenyewe apigiwe simu."

Hapo ndipo ilipokuwa imeishia karatasi yake. Lakini aliendelea.

"Baba yangu amechimba kaburi la dada yake peke yake, kwenye jiwe, tangu kulipokucha. Alichimba kwa sababu aliiamini redio hii. Anayetaka kumcheka, aje kwanza aone mikono yake."

Akazima. Tausaga alivuta pumzi kwa pua, akajifuta macho kwa kiganja. "Umesoma haraka mno," alisema. "Tangazo la msiba halikimbizwi. Kesho nitakufundisha."

Aliporudi nyumbani, barabara nzima ilikuwa kimya. Watu walimwangalia akipita, wengine wakainamisha kichwa. Baba yake alikuwa amekaa ameegemea nguzo yake ya siku zote, redio mbele yake, imezimwa.

"Ulisema jina langu vizuri," alisema. "Njoo ule."

*

Ijumaa, gari lililobeba jeneza lilitokea uwanja wa ndege likifuata barabara ya pwani kuelekea Saleulu. Barabara hiyo inapita Matavale. Afemata alikuwa amesimama mbele ya nyumba tangu mapema, amevaa nguo nyeusi, nguruwe na mikeka tayari pembeni kwa safari ya kwenda kuzika kwa wenyewe. Shimo lilikuwa wazi nyuma yake. Ianeta alikuwa amesihi lifukiwe gizani kabla wageni hawajaliona, mzee akagoma.

Gari likapunguza mwendo, likasimama. Mzee Siaki, mkubwa wa ukoo wa mume wa marehemu, alishuka, na nyuma yake Litara na kaka zake wawili, macho yamevimba. Siaki hakuanza na majina ya mababu kama ilivyotarajiwa. Alitembea moja kwa moja mpaka ukingoni mwa kaburi, akaangalia chini kwa muda mrefu. Kisha akaomba mkono wa Afemata, akaufungua kiganja.

"Tulisikia redioni," alisema. "Saleulu nzima ilisikia. Nami nina dada, Afemata. Nimezungumza na watoto. Shimo letu tutalifukia, sisi ni wengi. Moeaga azikwe hapa."

Fuatino alihisi mama yake akimkamata mkono. Kijiji kilikuwa kimekusanyika barabarani. Seumalo alikuwa mbele kabisa. Afemata alilitazama jeneza, akalitazama kaburi la mama yake, akalitazama na lile alilochimba. Hakukuwa na kitu alichokitaka duniani kuliko hicho, na kila mtu pale alijua.

"Litara," alisema mwishowe. "Ule mstari uliupiga kwa mkono wako?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Ulipoupiga, ulikuwa umekusudia?"

Litara alimtazama Siaki, akawatazama kaka zake. "Mjomba, sisi tumekubali azikwe..."

"Nimekuuliza siku ile. Ulikuwa umekusudia?"

"Ndiyo," alisema Litara, akilia. "Tulitaka alale na Baba."

"Basi ndivyo itakavyokuwa. Msinihurumie." Akamgeukia Siaki, na sauti ikarudi ile ya barazani, inayofika mpaka ufukweni. "Mashine ilishindwa kuuona mstari wa watoto hawa. Mimi nina macho. Mteremsheni dada yangu apumzike nyumbani kwangu mpaka mchana, kisha tutampeleka kwa mumewe, nami nitatembea mbele."

Akatembea mbele, kweli, mpaka Saleulu, na jua lile.

Jumamosi asubuhi, watu wakienda na kurudi sokoni, Afemata na binti yake walikuwa wanafukia. Mzee alisukuma mawe, Fuatino akatupa udongo kwa koleo. Seumalo alipita, akashindwa kujizuia.

"Afemata! Nasikia kuna nafasi hapo. Unapangisha?"

"Ingia ulale kwanza, nipime," alisema Afemata bila kuinua kichwa. Kisha akasimama, akajinyoosha mgongo, akamwonyesha Fuatino kwa kidole mbele ya wapita njia wote. "Unamwona huyu? Alikosea, akaenda redioni akasema mbele ya wilaya nzima kwamba ni yeye, na jina la baba yake akalitaja. Una watoto saba, Seumalo. Niambie yupi kati yao angefanya hivyo, nitakaa kimya barazani mwaka mzima."

Seumalo alifikiri. Alifikiri kwa dhati, ilionekana usoni, akiwapitia mmoja mmoja. Watu walisimama kumsubiri.

"Basi pita," alisema Afemata, akainama tena kuokota jiwe. "Unatuzibia upepo."